Mwenye Duka Dogo na Baraza la Serikali, Tangu 1924 Hata Sasa

Kwa desturi, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliotutangulia mbele ya haki, ripoti hii huwa na kurasa chache za habari za kale, ili wazee wasome yale waliyoyaona au kusimuliwa, na vijana wapate kuyajua. Mwaka huu Kamati imeona vema kurasa hizo ziandikwe habari za wanachama wetu wenye biashara ndogo: wenye maduka, wauza nguo, mafundi wa cherehani na wa baiskeli, akina mama wa mboga, na wenye hoteli za chai. Sababu yake ni neno tulilolisikia ofisini mara nyingi wanachama walipokuja kulipa ada zao, kwamba mambo ya Serikali ni ya wanasiasa, na mwenye biashara kazi yake ni kulipa leseni na kungoja wateja. Neno hili lina asili yake, wala hatuwalaumu waliolisema. Lakini tukitazama nyuma twaona kwamba mfanyabiashara mdogo wa nchi hii hakuwa mbali na Serikali hata siku moja. Serikali ilimjia kila siku ya soko ikiwa na kitabu cha risiti. Lililobadilika kutoka zama hata zama ni hili tu, kwamba pengine alikuwapo ada ilipokatwa, na pengine alisikia habari zake alipoombwa alipe.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, na kufika ziwani mwaka 1901, maduka yaliifuata, na wenye maduka hayo wengi walikuwa Wahindi. Mwaka 1901 pia ilianza kodi ya nyumba, hata Mwafrika akalazimika kutafuta fedha ambazo hapo awali hakuwa na haja nazo. Akauza ngozi, mtama, na nguvu za mikono yake. Akanunua chumvi, kitambaa na jembe. Katika biashara ile alikuwa mnunuzi na mwuzaji wa mwanzo, lakini mizani ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Wenye mizani hawakulala. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na mwaka 1909 A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa na Nairobi, akateuliwa kuingia humo. Mwaka 1914 Wahindi wakaunda Kongresi yao ya Afrika Mashariki. Walowezi nao walikuwa na vyama vyao, na tangu mwaka 1920 walichagua wajumbe wao wenyewe. Ni kweli Jeevanjee hakuwa mwenye duka dogo, alikuwa tajiri mkubwa. Lakini mwenye duka la mabati katika kituo cha reli alikuwa na chama cha kupeleka malalamiko yake, na chama hicho kilikuwa na mtu wa kuyasema ndani ya Baraza. Mwafrika hakuwa na mtu wake humo mpaka Oktoba 1944, alipoteuliwa Bwana Eliud Mathu. Kabla ya siku hiyo maslahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu walioteuliwa na Gavana.

Mlango wa kwanza wa Mwafrika ulifunguliwa wilayani. Sheria ya mwaka 1924 iliweka Mabaraza ya Wenyeji, ambayo wazee waliyaita kwa herufi zake za Kiingereza, L.N.C., nayo yakaanza kazi mwaka 1925. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya mwenyewe, Bwana DC. Baadhi ya wajumbe waliteuliwa, na machifu walikuwa wengi miongoni mwao. Wengine walichaguliwa na watu katika baraza, kisha majina yao yakapelekwa kwa wakubwa yakubaliwe. Lolote lililoamuliwa liliweza kukataliwa. Kwa ajili hiyo wako wasemao kwamba mabaraza yale yalikuwa mchezo tu, yamewekwa ili watu wasiende katika siasa.

Hatukubaliani nao kabisa. Huenda nia ilikuwa hiyo, lakini mabaraza yale yalipewa jambo moja ambalo halikuwa mchezo, nalo ni fedha zao wenyewe. Yalitoza kodi ya wilaya juu ya ile ya Serikali. Yalipokea ada za masoko na malipo mengineyo. Nayo yalijenga shule, zahanati, madaraja na mabanda ya soko. Kila mwaka makadirio ya mapato na matumizi yaliandikwa, yakasomwa, yakajadiliwa, ndipo yakapelekwa juu. Mtu asiyejua kusoma hesabu alikaa kimya siku hiyo. Aliyejua alikuwa ama mwalimu, ama karani, ama mwenye duka aliyezoea kuandika madeni ya watu katika daftari. Na hao watatu ndio walioonekana zaidi na zaidi katika mabaraza kadiri miaka ilivyokwenda. Kwa mwenye duka makadirio yale hayakuwa maneno ya mbali. Humo ndimo ilimoandikwa kama soko lake litapata ukuta, choo na kisima, au kama ada yake itakwenda kujenga nyumba ya karani wa wilaya.

Katika miaka hiyo hiyo vilizaliwa vyama vya namna ya hiki chetu. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaunda Chama cha Vijana wa Kavirondo, ambacho wengi walikijua kwa jina la Piny Owacho. Walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na ardhi yao iwe na hati. Julai 1922 Gavana Northey akaenda mwenyewe Nyahera kuwasikiliza. Mwaka 1923, chini ya uongozi wa Owen wa misheni ya C.M.S., ambaye cheo chake kilikuwa Archdeacon, chama kikageuka kuwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo. Wako walionung'unika kwamba kimepozwa makali, kwa kuwa wanachama walifundishwa kuchimba vyoo na kuua panya. Sisi hatuoni aibu ya vyoo, maana hata leo soko lisilo na choo ni jambo la Serikali kama vile kodi ilivyo. Tena jina lenyewe lina maana kubwa. Hawakujiita waombaji, walijiita walipa kodi. Na mlipa kodi ana haki ya kuuliza. Chama kile kilizoeza watu kuandika barua yenye tarehe, kutaja jambo moja kwa jina lake, na kutunza nakala. Ni kazi ndogo, na ni kazi ya karani, lakini mkubwa aliyekwisha kupokea barua ya namna hiyo hawezi kusema kesho kwamba hakuambiwa.

Mwaka 1935 ikaja Sheria ya Uuzaji wa Mazao ya Wenyeji. Kusudi lililotangazwa lilikuwa zuri kusikia: mazao yapimwe, yasafishwe, yauzwe mahali panapojulikana. Lakini kwa sheria hiyo mnunuzi alitakiwa awe na leseni, na biashara ifanyike katika vituo vilivyowekwa. Mchuuzi aliyezunguka kijiji hata kijiji akinunua mahindi debe moja moja alijikuta pembeni, na mwenye ghala na leseni akaimarishwa. Sheria ile ilipitishwa katika Baraza lisilokuwa na Mwafrika hata mmoja. Mabaraza ya wilaya hayakuwa na nguvu ya kuizuia. Twaona hapa mpaka wa mlango ule wa 1924: mwenye duka aliweza kusema juu ya bati la soko, asiweze kusema juu ya sheria ya nchi.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi na fedha kidogo mifukoni, na wengi wakafungua maduka. Maduka mengi ya namna moja yalisimama bega kwa bega, yakiuza sukari, sigara na mafuta ya taa, na mengi yakafungwa. Watu wakasema Mwafrika hajui biashara. Ni kweli kwamba wengi hawakuweka hesabu, na kwa hiyo mafunzo ya wafanyabiashara katika Shule ya Jeanes, Kabete, yalikuwa ya faida. Lakini yalikuwapo na mengine. Kwa Sheria ya mwaka 1948 iliyozuia Waafrika kupewa bidhaa kwa mkopo, deni lililozidi shilingi 200 halikuweza kudaiwa mahakamani ila kama limepata kibali cha mkubwa. Ikasemwa ni kumlinda Mwafrika asitumbukie katika madeni. Mwenye duka la jumla, akijua hawezi kudai, hakutoa. Mwenye duka dogo basi alinunua kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, kwa bei ya juu, na akauza karibu na bei ile ile. Hesabu nzuri isingalimwokoa. Jambo lililombana lilikuwa katika kitabu cha sheria, wala halikuondoka mpaka nchi ilipokaribia Uhuru.

Hapo ndipo wengine walipoelewa kwamba duka na baraza ni njia moja. Mfano ujulikanao ni wa Bwana Oginga Odinga. Aliacha ualimu, akaanzisha chama cha kuweka akiba, na mwaka 1947 kikaandikishwa kuwa kampuni, Luo Thrift and Trading Corporation. Aliuza hisa kwa watu wa kazi waliotawanyika katika miji ya Afrika Mashariki, mtu na hisa zake chache. Kampuni ikapata mtambo wa kuchapa Nairobi, ikajenga jumba la Ramogi pale Kisumu. Katika shughuli hizo alikutana na kila mlango wa Serikali ambao mwenye biashara hukutana nao: kiwanja, leseni, ramani ya nyumba, mkaguzi. Naye hakungoja nje. Aliingia katika baraza la wilaya ya Nyanza ya Kati, na Machi 1957 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia humo kwa kura za watu.

Uchaguzi ule wa 1957 haukuwa wa watu wote. Mpiga kura alipimwa kwa masomo, mapato, mali, utumishi na mengineyo, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura moja, mbili au hata tatu. Sisi hatuusifu mpango wa namna hiyo. Twautaja kwa sababu katika mizani ile mwenye duka, ambaye jana alionekana ni mtu wa kati tu, alihesabika. Daftari lake la mauzo lilikuwa ushahidi wa mapato yake. Wenye maduka walioweka hesabu walikuwa na la kuonyesha siku ya kuandikishwa. Wasioweka walishindwa kuthibitisha walichokuwa nacho.

Kabla hatujafika zama za Uhuru, hapana budi tuseme jambo ambalo halipendezi. Mabaraza ya wilaya, ambayo kwa sheria ya mwaka 1950 yaliitwa Mabaraza ya Wilaya za Waafrika, yaliingiza wafanyabiashara wengi, na si wote walioingia kwa ajili ya wenzao. Kiwanja cha soko kilikuwa mali, na leseni ilikuwa mali. Katikati ya miaka ya 1950 ikaja mikopo ya wafanyabiashara iliyotolewa kupitia bodi za wilaya, nayo ilikuwa mali zaidi. Wajumbe, machifu na jamaa zao walikuwa karibu na meza, na mtu wa karibu na sufuria hushiba mapema. Wazee wetu wengi wanaosema kwamba mfanyabiashara asiingie Serikalini waliyaona hayo, na twawaheshimu. Ila waangalie kwamba kiwanja kilipotolewa kwa siri, aliyenyimwa alikuwa mwenye biashara mwingine, tena mdogo. Hasara ilitokea kwa sababu mmoja aliingia peke yake, asitumwe na mtu, asirudi kutoa habari. Pia waangalie nani hakuwamo kabisa. Katika masoko yetu wauzaji walio wengi ni wanawake, na ndivyo ilivyokuwa siku zile. Lakini mabaraza yalikuwa ya wanaume, na ada ya fungu la viazi ilikatwa na watu ambao hawajapata kukaa nyuma ya fungu la viazi.

Baada ya Uhuru Serikali ilifanya mengi kumwinua mfanyabiashara mwananchi. Mwaka 1965 likaundwa Shirika la Taifa la Biashara, na mwaka huo huo vyama vya biashara vilivyokuwa vimegawanyika kwa rangi vikaungana kuwa Chama cha Taifa cha Biashara na Viwanda. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliweka sehemu na bidhaa kwa ajili ya raia. Yote haya yalitoka Nairobi, na waliofaidi zaidi walikuwa wale waliojua njia ya kwenda Nairobi. Wilayani mambo yalikwenda kinyume. Kwa sheria ya mwaka 1969, shule za msingi, afya na barabara ziliondolewa kwa mabaraza ya kaunti na kupelekwa kwa Serikali Kuu tangu Januari 1970, na kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato yao ikafutwa mwanzoni mwa miaka ile ya 1970. Baraza likabaki na nini? Likabaki na masoko, vituo vya mabasi na leseni. Watu wa rika letu walikuta hali hiyo imekwisha kuwa desturi, nao hudhani kwamba karani wa soko ni mkali kwa tabia. Ukweli ni kwamba baraza lilikuwa limenyang'anywa mifuko mingine yote, likabaki na mfuko wa mchuuzi.

Nairobi hata mlango huo mdogo ulifungwa. Mwaka 1983 Baraza la Jiji lilivunjwa, na jiji likatawaliwa na Tume iliyoteuliwa, mpaka uchaguzi wa Desemba 1992. Kwa karibu miaka kumi mchuuzi wa Nairobi hakuwa na diwani wa kumpigia kura wala wa kumnyima. Mei 1990, katika muda huo, vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, vilivunjwa, na watu wakaumia. Hatusemi kwamba diwani angaliweza kuyazuia. Twasema tu kwamba hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusimama na kuuliza.

Mafundi wa Kamukunji walipata njia nyingine. Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa limetoa taarifa mwaka 1972, likisema kwamba watu hawa wa kazi za nje, wanaogonga masanduku na karai chini ya jua, si wazururaji bali ni sehemu kubwa ya uchumi wa Kenya. Taarifa ilikaa. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea akaamuru wajengewe mabanda, nao wakatakiwa wajiunge katika vyama ili pawe na mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo chama kilikuja kwa sababu ya bati la kuzuia jua. Vyama vya jua kali vikaenea, na ile hati ya serikali ya mwaka 1992 juu ya biashara ndogo na jua kali ikavitaja. Mwaka 1999 leseni nyingi za biashara zikaunganishwa kuwa kibali kimoja, jambo ambalo wenye maduka walilingoja sana, kwani hapo awali mtu mmoja aliweza kupitia madirisha manne kwa duka moja.

Sasa twafika Katiba ya mwaka 2010, na hapa twaomba uvumilivu wa msomaji, maana ndipo penye faida kwake.

Kwa Katiba hii kaunti 47 zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na katika kazi zilizopewa kaunti yamo masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika. Yaani yale mambo ya mwenye duka yamerudi karibu na nyumbani kwake, pamoja na mengine makubwa. Katiba inasema pia kwamba Bunge la Kaunti sharti lifanye kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi, na kwamba katika mambo ya fedha za umma ushirikishwaji ni wa lazima. Mtu yeyote anaweza kupeleka ombi la maandishi katika Bunge la Kaunti. Haihitaji wakili.

Je, maneno haya yana nguvu, au ni mapambo? Jibu lilipatikana mapema. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2013 yenye ada mpya. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu, wakasema hawakushirikishwa ipasavyo. Tarehe 17 Aprili 2014 Jaji George Odunga akaamua kwamba sheria ile ni batili. Alieleza kwamba kuwashirikisha watu si desturi ya kutimiza ili siku ipite. Kaunti sharti iwafikie watu kwa kila njia iwezekanayo, makanisani, misikitini, katika mabaraza na kwa redio za lugha za wenyeji. Tuliisoma hukumu ile kwa makini. Sheria nzima ya fedha ya kaunti, pamoja na kila ada iliyokuwamo, iliangushwa kwa swali la kuulizwa au kutoulizwa.

Hata hivyo mahakama ni njia ya gharama, tena huja baada ya jambo. Njia ya mapema imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, nayo wanachama wachache sana wanaifahamu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sheria iliweka kwamba mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata upelekwe katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kwamba karatasi ya mwelekeo wa fedha, ambamo kila idara huwekewa kiasi chake cha juu, ipelekwe kufikia tarehe 28 Februari. Na kwamba makadirio yenyewe yapelekwe kufikia tarehe 30 Aprili, ili yapitishwe kabla ya Juni kwisha. Mswada wa Fedha, ambao ndio unaotaja ada za masoko na vibali, umepangwa kufuata hapo. Watu wengi huamka wakati wa Mswada wa Fedha, kwa kuwa ndio wenye maneno "shilingi kadhaa". Lakini choo cha soko hakiamuliwi wakati huo. Kiliamuliwa Septemba, kikawekewa fedha Februari. Anayedai choo mwezi Juni amefika sokoni jioni.

Sheria hiyo hiyo iliweka katika kila kaunti Baraza la Bajeti na Uchumi, ambalo mwenyekiti wake ni Gavana. Humo kila mjumbe wa serikali ya kaunti hulinganishwa na mtu asiye mtumishi wa umma, aliyependekezwa na vyama: vya wafanyabiashara, wataalamu, wafanyakazi, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu, na vya dini. Tazama neno hilo, "aliyependekezwa na vyama". Mwenye duka peke yake hawezi kujipendekeza. Na kama wenye biashara ndogo hawana chama chenye kumbukumbu za mikutano na hesabu zilizokaguliwa, kiti cha biashara kitakaliwa na mwenye hoteli kubwa au kampuni ya ujenzi, wala hatakuwa amekosa. Sheria ya Biashara Ndogo ya mwaka 2012 ilifungua pia mlango wa kuandikisha vyama vya wenye biashara ndogo. Ilisema biashara ndogo kabisa ni ile yenye mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka na watu wa kazi chini ya kumi. Wanachama wetu wengi wamo katika kipimo hicho.

Kitu cha kupeleka mbele ya watu hao ni hesabu. Tuseme mama mmoja hulipa shilingi 50 kwa siku, siku sita kwa juma, majuma 50 kwa mwaka. Amelipa shilingi 15,000. Tuseme soko lina meza 200. Soko limelipa shilingi 3,000,000. Sasa fungueni makadirio, mtafute soko hilo, mwone limetengewa kiasi gani. Ofisa anaweza kubishana na mtu anayesema "tunaonewa". Ni vigumu kubishana na mtu aliyeleta risiti za mwaka mzima zimefungwa kwa uzi. Katika soko moja la kwetu tuliwauliza wauzaji watuonyeshe risiti zao, wengi wakacheka, wakasema huzifungia njugu. Njugu zaweza kufungwa katika karatasi nyingine.

Kamati basi imekata mashauri haya, nayo yatawekwa mbele ya Mkutano Mkuu yakubaliwe au yakataliwe. Kwanza, liundwe tawi la wenye biashara ndogo ndani ya Chama, lenye mwenyekiti na mwandishi wake, na nusu ya kamati ya tawi hilo wawe wanawake. Pili, mwanachama atakayependekezwa kwa kiti chochote cha kaunti achaguliwe kwa kura ya tawi, asijitume mwenyewe, na atoe taarifa ya maandishi kila baada ya miezi mitatu. Naye asiombe kibanda wala kiwanja cha soko muda wote anapokaa katika kiti hicho. Neno hili la mwisho lilileta ubishi mrefu katika Kamati, na wajumbe wawili walitaka liondolewe. Limebaki kwa kura nyingi.

Sanduku la kukusanyia risiti za soko limewekwa katika ofisi ya Chama, pamoja na daftari la kuandika soko, siku na kiasi. Mwenye risiti za mwaka huu na azilete kabla ya Agosti kwisha, ili hesabu iwe tayari kabla ya tarehe 1 Septemba. Kwa wanachama wasiojua kuandika, karani atakuwapo kila Jumamosi asubuhi kuwaandikia maombi yao. Malipo hakuna.